CD ya robo milioni, ndani hamna kitu: gemu za kununua na za kuacha

Sikukuu ya Idi nilimnunulia mtoto wa dada yangu gemu ya PS5 (PlayStation 5, mashine ya Sony ya kuchezea gemu). Duka sitalitaja na gemu sitaitaja, hasira zangu nabaki nazo mwenyewe. Nilitoka nayo Kampala hadi Bombo ndani ya taksi, nimeipakata kama mtu aliyebeba trei ya mayai. Kasha jipya, nailoni haijaguswa, na mkoba mwepesi kwa robo milioni ya shilingi. Mtoto akachana nailoni kwa meno, akatia CD, akakaa mkekani na pedi mkononi. (Pedi ya kuchezea, dada zangu, msinicheke.) Mashine ikanguruma kidogo, kisha ikaandika kwamba zimebaki GB 90 na ushei za kupakua. Kwenye simu yangu mlikuwa na bando la GB 5.

"Mama mdogo, CD imeharibika?"

Haikuharibika. Ilikuwa nzima kabisa, ila ilikuwa ufunguo tu. Nyumba yenyewe imejengwa ng'ambo, na kuileta Bombo ni kazi yangu.

Usiku ule nilizirudia tathmini zote nilizosoma kabla ya kununua. Alama 8, alama 9, sifa kedekede za picha na milio ya risasi. Hakuna hata moja iliyosema ndani ya CD mna nini. Sababu yake haina siri: wachambuzi wengi hutumiwa namba ya kupakulia kabla gemu haijafika madukani, kwa hiyo kasha lenyewe hawaligusi. Tena wako kwenye intaneti ya waya ambayo hakuna anayekaa kuihesabu. Kwetu GB ni bidhaa kama sukari, na ina ushuru wake: tangu Julai 2021, ilipofutwa ile kodi ya mitandao ya kijamii ya shilingi 200 kwa siku, data inatozwa ushuru wa asilimia 12, na VAT haijakaa mbali. Gemu ya GB 90 ukiipakua hapa, umeinunua mara mbili.

Kwa hiyo hapa nina swali moja tu. Ukizima intaneti ukatia CD, gemu inaanza na inakufikisha mwisho? Habari za picha, muziki na hadithi zimeandikwa kila mahali. Na niseme mapema nisije nikavuliwa nguo baadaye: mimi ni mtu wa PlayStation tangu enzi za PS2 ya kibandani, tukilipia mechi kwa sarafu na kugombania zamu. Nikiipendelea Sony, mjue naipendelea nikiwa na akili timamu.

Namba moja ni Astro Bot, iliyotoka Septemba 2024. Ndiyo iliyotwaa tuzo ya gemu ya mwaka kwenye The Game Awards mwaka ule, na kwa mara moja wachambuzi na mimi tukakubaliana. Ni karoboti kadogo kanakookoa wenzake, basi. Lakini kakitembea mchangani, pedi inakukwaruza viganja. Kakipita kwenye chuma, unasikia vidole vyake vya miguu vikigonga mikononi mwako. Bibi yake yule mtoto, ambaye gemu anaziita "kelele zenu", alishika pedi dakika kumi akawa anacheka peke yake. Na CD ina gemu yote. Unatia, inajinakili kwenye mashine, unacheza. Viwango vilivyoongezwa baadaye vya bure utavipakua siku ukipata Wi-Fi ya mtu. Kama una PS5 na mtoto nyumbani, acha kusoma hapa uende ukainunue.

Namba mbili, Elden Ring. Ni ya Februari 2022, si mpya tena, lakini bado sijaona gemu inayokupa saa nyingi hivi kwa CD moja, na inapatikana hata kwa PS4. Kuna jambo wachambuzi wamelipita bila kulitazama: gemu hii hujihifadhi yenyewe kila wakati. Wao wanalalamika kwamba haina kitufe cha kusimamisha, wanasema inachosha. Hawajawahi kucheza mahali ambapo umeme unakatika saa mbili usiku wakati zimwi limebakiza tone la damu. Nilishakatikiwa mara nne katika pambano moja. Kila ulipowaka nilijikuta palepale karibu na nilipokuwa, na zimwi limepona, sawa, lakini safari yangu yote ipo. Kuna gemu nyingine umeme ukikatika unarudi nyuma saa nzima.

Hapa nisimame kidogo, maana hapa ndipo watu wanapopoteza pesa bila kujua. Nyongeza yake, Shadow of the Erdtree ya Juni 2024, ni tamu kuliko gemu nyingi nzima. Lakini Uganda haimo katika orodha ya nchi za duka la PlayStation mtandaoni. Kila mmoja wetu hapa ana akaunti ya kuazima: anwani ya Marekani, ya Uingereza, au ya Afrika Kusini. CD yenyewe inacheza kwenye mashine yoyote, haina neno. Nyongeza ndiyo yenye ubaguzi: lazima itoke eneo lilelile la CD. Ukiwa na CD ya Ulaya, na CD nyingi hapa mjini hupitia Dubai, kisha ukanunua nyongeza kwa akaunti ya Marekani, pesa imekwenda na nyongeza haifunguki. Geuza kasha utazame ubavuni, namba zikoje, lugha zipi, nembo ya umri ni ya wapi. Akaunti ifuate CD. Muuzaji hatakwambia, kwa sababu wengi wao hawajui.

Namba tatu nampa Mfaransa: Clair Obscur: Expedition 33, ya Aprili 2025. Timu ndogo ya Sandfall, mjini Montpellier, ikatoa gemu kwa dola 50 wakati wakubwa wanadai 70 na 80, kisha ikaenda ikabeba tuzo ya gemu ya mwaka 2025. Ni ya kupigana kwa zamu, mimi zamu zilikuwa zinanilaza usingizi, lakini hapa adui akipiga lazima ukinge kwa wakati wake hasa, kama kudaka mpira. Ni ya huzuni. Usimnunulie mtoto.

Baldur's Gate 3 ningeiweka juu zaidi kama ingekuwa rahisi kuipata. Larian, walioitengeneza, walipotoa toleo la kasha, gemu haikuenea katika CD moja, nao wakaweka CD kadhaa ndani ya kasha moja. Hawakulia, hawakusema teknolojia haijafika. Walichapa CD nyingine. Likumbuke hilo tukifika chini. Shida ni kwamba toleo hilo hapa linakuja kwa kubahatisha, na likija linauzwa kama dawa ya kienyeji, bei kwa sura ya mteja.

Tekken 8, ya kupigana ngumi na mateke, Januari 2024. Pedi mbili, ndugu wawili, ugomvi wa kihalali sebuleni, na intaneti huihitaji. Ila inakufundisha tabia ya tathmini: ilisifiwa sana ilipotoka, kisha mwezi mmoja baadaye, tathmini zote zikiwa zimeshakauka wino, ndipo wakafungua duka la kuuza mavazi kwa pesa halisi ndani ya gemu uliyokwisha kuilipia. Alama hazikurudi kurekebishwa.

Sasa EA Sports FC 26, gemu ya mpira, najua wengi ndiyo mliyoijia. Mechi za kirafiki na ligi za kuendesha mwenyewe zinachezeka bila intaneti. Ile ya kukusanya kadi za wachezaji inataka intaneti kila dakika, na inataka pesa pia. Ushauri wangu ni mmoja: nunua ya mwaka uliopita. Tangu walipoachana na jina la FIFA mwaka 2023 sijaona mwaka ulionifanya nisimame kitini. Jezi hubadilika, miguu ni ileile. Ya mwaka jana inauzwa nusu bei, na vibanda vingi vya gemu havijali, wateja wao wanataka Arsenal na Man United tu.

Gran Turismo 7 inaniuma, kwa sababu ni ya Sony na magari yake nayapenda. CD unayo, gari unalo, lakini karibu kila kitu kinataka mtandao hata ukicheza peke yako. Machi 2022, wiki chache baada ya kutoka, seva zililala zaidi ya saa 30 baada ya sasisho, na dunia nzima watu wakakaa wakitazama gereji zao. Kwa sisi hilo si ajali ya mara moja. Tarehe 13 Januari 2021, siku moja kabla ya uchaguzi, intaneti ilizimwa nchi nzima, ikakaa siku kama tano. Nilipitisha siku zile na Ghost of Tsushima kwenye PS4, CD iko ndani, sijali. Jirani yangu aliyekuwa na maktaba yake yote mawinguni alikuja kuniazima karata.

Chini kabisa ziko zile zinazouza plastiki. CD ya Call of Duty: Modern Warfare II ya 2022 ilikuwa na MB 70 hivi. Video ya harusi uliyotumiwa WhatsApp ni nzito kuliko hiyo. DOOM: The Dark Ages ya Mei 2025 ilikuja na MB 85. Diski ya PS5 inabeba hadi GB 100! Wamechapa diski tupu, wakaifungia kasha, wakaisafirisha kwa meli. Gemu zenyewe huenda ni nzuri, wachambuzi wanasema hivyo na DOOM waliisifu kweli. Kama una intaneti ya waya ofisini na bosi mpole, cheza. Wewe wa bando, pita kando.

Nintendo nao walikuwa watu wangu wa pili, kadi zao zilikuwa na gemu kamili, Tears of the Kingdom ya 2023 ni mfano. Mashine yao mpya, Switch 2, ilipotoka Juni 2025 wakaja na kadi za ufunguo, ndani hamna gemu, na kampuni nyingi zikazikimbilia. Kumbe Cyberpunk 2077, gemu kubwa hivyo, iliingia yote kwenye kadi ya GB 64 ya mashine hiyohiyo. Tazama ukanda wa chini mbele ya kasha. Kama ni ya ufunguo imeandikwa.

Za bei ya chini? CD za PS4 za mkononi, yaani zilizokwisha kutumika, God of War Ragnarök ikiwemo, ambayo kwa PS4 ni CD mbili, kwa hiyo hesabu kabla hujalipa. eFootball ni ya bure ila inataka mtandao. Mashine zilizofunguliwa na kujazwa gemu za wizi sizizungumzii.

Na usidanganyike na PS5 isiyo na mdomo wa CD kwa sababu imepungua bei kidogo. Duka lenyewe halitutambui, kila gemu utaipakua, na ya mkononi hutaweza kununua wala kuuza. PS5 Pro, iliyotoka 2024 kwa dola 700, nayo inakuja bila mdomo huo, unaununua kando, na siku ya kuufunga lazima uwe na intaneti.

Nilirudi dukani, mnaweza kukisia. Kijana akaniambia, "Nnyabo, gemu za siku hizi zote ziko hivyo." Nikamwonyesha Astro Bot kwenye rafu yake mwenyewe. Akahamia kwenye dola. Hawa watu na dola! Ikipanda asubuhi, bei mpya imebandikwa mchana; ikishuka, "hii ni stoku ya zamani". Nikamwomba kitu kimoja, kwamba gemu yoyote nitakayonunua tena aitie kwenye mashine yake ya maonyesho, azime Wi-Fi, nione inaanza. Akasema kasha likifunguliwa si jipya tena. Nikamuuliza lile kasha lenye nailoni iliyokunjamana pembeni kama imepigwa pasi, hilo ni jipya? Akacheka. Kisha akanipa ofa: nimwachie mashine siku mbili, atanipakulia kwa shilingi 50,000. Yaani tatizo aliniuzia, na dawa pia anauza.

Nilikataa kwa kiburi, sasa napakua mwenyewe kidogokidogo, usiku, kwa bando la bei ya usiku, simu imeegemezwa dirishani ambako mtandao unashika. Miezi miwili sasa. Leo asubuhi mtoto alikuja kunipa ripoti kabla ya kwenda shule: asilimia 61, na gemu inataka sasisho jipya la GB 12.