Niliulizia darasa moja, nikapewa wastani wa shule nzima

Niliingia katika ofisi moja ya umma mjini Malindi kuulizia jambo nililolidhani dogo: kila mkondo (yaani kila darasa moja moja) wa Gredi ya Nne katika shule anayosoma mwanangu una wanafunzi wangapi. Kwa mapokezi sina lawama, maana nilipewa kiti na kuitwa "bi" kwa heshima zote.

Karani alinikabidhi karatasi iliyoonyesha kwamba shule ina mwalimu mmoja kwa wanafunzi 41. Nambari hiyo huenda ni sahihi, ila si jibu la swali langu. Uwiano huo hupatikana kwa kugawanya wanafunzi wote kwa walimu wote, akiwemo mwalimu mkuu anayeshinda ofisini, na tangu sekondari msingi (Gredi ya 7 hadi 9) iingizwe katika shule za msingi mwaka 2023, madarasa ya juu, ambako masomo hugawanywa baina ya walimu kadhaa, huweza kuyafunika yale ya chini yaliyofurika. Mimi nilisimama mlangoni mwa darasa la mwanangu nikahesabu vichwa 78. Dawati la watatu limekaliwa na watano, na wa pembeni anaandikia pajani.

Wala haiwezi kusemwa kwamba takwimu hazipo. Wanafunzi wamekuwa wakisajiliwa mmoja mmoja katika NEMIS, mfumo wa serikali wa taarifa za elimu, na ndio usajili uliotumiwa kutoa mgao wa serikali wa shilingi 1,420 kwa mtoto wa shule ya msingi kwa mwaka. Pesa zinapoombwa, hesabu hupatikana. Mzazi anapouliza, huambiwa aandike barua.

Niliandika, nikitaja Kifungu cha 35 cha Katiba ya Kenya, kinachompa raia haki ya kupata habari, na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, inayompa afisa siku 21 za kutoa uamuzi. Jibu lilifika siku ya 34, na ndani yake mlikuwa na uwiano ule ule.

Shule yenyewe ilinifaa zaidi. Mwalimu mkuu aliniruhusu kunakili ubao wa ofisini mwake, wenye idadi ya wavulana na wasichana kwa kila gredi, ingawa ulikuwa wa Januari na mikondo ilikuwa imejumlishwa.

Kwa ukarimu, ofisi ile naipa nne kwa tano. Kwa takwimu, moja. Atakayekwenda aandike "kwa kila mkondo" na apigie mstari, kisha ahifadhi nakala yenye muhuri wa siku aliyoiwasilisha.