Chujio la tangi la samaki kwa anayekuza vitawi majini: nunua lipi?

Kitawi cha pothosi, ule mmea wa majani unaotambaa wa kupambia nyumba, ndani ya chupa ya maji dirishani hupendeza, lakini kwetu Unguja chupa ile huleta mbu. Kwa joto letu, maji yakitulia wiki moja tu utaona viluwiluwi vinajinyonganyonga katikati ya mizizi, na mbu anayeeneza homa ya dengi anapenda hasa vyombo vidogo kama hivyo, humo humo majumbani. Ndiyo maana vitawi vyangu nimevihamishia kwenye tangi la samaki. Maji yanatembea, viluwiluwi vinaliwa na samaki, na uchafu wa samaki unageuka chakula cha mmea: bakteria wanaokaa ndani ya chujio huibadili amonia ya uchafu huo kuwa nitriti, kisha nitrati, na mizizi huifyonza.

Sasa ununue chujio gani? Nasema kwa tangi la lita 20 hadi 60, ambalo ndilo linaloenea ukumbini kwa wengi wetu.

Nafasi ya kwanza ni ya chujio la kuning'inia, lile linalopachikwa ukingoni mwa tangi na kisanduku chake kikabaki nje. Kisanduku hicho ndicho kinacholifanya lishinde. Unasimamisha vitawi humo, mizizi ndani ya maji yanayopita, majani juu hewani, na samaki hawaifikii mizizi kuitafuna. Tafuta lenye kisanduku kipana. Vile vyembamba vikiingia vitawi viwili vimejaa.

Lakini kabla ya kulipa, uliza mota iko wapi. Kuna ambayo mota yake huzama ndani ya tangi, na kuna ambayo mota hukaa nje, chini ya kisanduku. Umeme ukikatika, maji ya kwenye mrija yanaweza kushuka. Umeme ukirudi, mota ya nje huzunguka bila maji mpaka iungue. Langu la kwanza lilikufa hivyo mchana mmoja nikiwa kazini, na niliporudi jioni samaki walikuwa juu wanatafuta pumzi. Iliniuma sana. Tangu siku hiyo sinunui ila la mota ya kuzama, kwani umeme ukirudi linajiwasha lenyewe.

Mengi huja na vifuko vya makaa vinavyotakiwa kubadilishwa kila mwezi. Usijifunge navyo, maana ukivikosa madukani utabaki kuagiza Dar na kungoja boti. Kata kipande cha sponji ya kawaida isiyo na sabuni wala dawa, kiweke mahali pake. Vitawi vipange baada ya sponji, upande maji yanakorudi tangini. Mizizi ya pothosi hurefuka haraka, na ikifika kwenye feni ya mota hujisokota humo na maji hayapiti tena. Mimi huipunguza kwa mkasi kila mwezi.

La pili ni chujio la sponji linalosukumwa na pampu ya hewa. Ni rahisi kuliko yote, halina feni wala cha kuungua ndani ya maji, na kama umeme wa mtaa wako unakatika kila mara, basi kwako wewe hili ndilo la kwanza. Pampu za betri zipo, nazo huokoa tangi usiku wa giza. Waliokuwapo Unguja kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010, umeme ulipopotea karibu miezi mitatu, hawahitaji kuelezwa. Kasoro yake ni kwamba halina pa kuweka mmea. Itabidi uvibane vitawi ukingoni mwa tangi, na samaki wenye njaa wataionja mizizi. Pampu iweke juu kuliko usawa wa maji, au nunua na vali ya kuzuia maji yasirudi, la sivyo umeme ukizimika maji yanaweza kupanda mpirani na kuingia ndani ya pampu.

Chujio la ndani, la kubandika kiooni, naliweka la tatu. Linasafisha vizuri, ila linakula nafasi ya samaki na halimpi mwenye mimea chochote. La mkebe, lile kubwa linalokaa chini ya meza na mipira yake miwili, liache mpaka uwe na tangi la lita mia na zaidi. La wati 20 likiwaka mchana na usiku humaliza uniti 14 hivi kwa mwezi. La kuning'inia la wati 4 halifikishi hata 3.

Dukani soma maandishi yaliyo kwenye mota. Iwe ya volti 220 hadi 240, maana mtumba wa Japani ni wa volti 100 na utaungua papo hapo. Tazama pia lita kwa saa: tangi la lita 40 linataka chujio la lita 160 hadi 240.

Kitawi kikate chini kidogo ya kifundo, pale jani linapotokea, kwa sababu mizizi huchipuka hapo. Kioshe utomvu, halafu kifundo kimoja au viwili vizame na majani yote yabaki nje. Utomvu wa pothosi huwasha mdomo, kwa hiyo watoto wadogo wasifikie. Maji ya bomba yalaze usiku kucha ndani ya ndoo wazi ili klorini ipungue. Sponji ikichafuka, ikamulie ndani ya maji uliyoyatoa tangini, si bombani, usije ukawaua bakteria. Na ikiwa unatumia maji ya kisima, chokaa ya mawe yetu itaganda kwenye feni ikawa nyeupe. Toa feni hiyo, iloweke katika siki kwa saa moja, isuuze vizuri, uirudishe.