Krimu ya AndroFeme: hamu imerudi, ila kwa mwendo wake

Dada zangu mliokoma hedhi, naandika haya kwa kuwa kila nilipotafuta habari za hamu ya tendo la ndoa kwa Kiswahili nilikutana na watu wanaouza vidonge na mafuta. Mimi siuzi kitu. Ni mwanamke wa Tanga, nina miaka 54, naishi Perth, Australia, na natumia AndroFeme 1, krimu ya testosteroni inayotoka mji huu huu.

Ndiyo, testosteroni. Wengi wanaijua kama homoni ya wanaume, lakini ovari zetu na tezi zilizo juu ya figo huitoa pia, kwa kiasi kidogo, na hupungua kadiri umri unavyosogea.

Ndoa yangu haikuwa na ugomvi. Baba Latifa ni mtu mwema. Hamu ndiyo iliyokatika: akinishika bega usiku, mimi moyoni napanga zamu ya kesho. Iliniuma, maana nilikuwa naikumbuka ile hamu na naitaka. Daktari wa kwanza akasema ni umri, nizoee. Wa pili, mama mtu mzima, alinikalisha akaniuliza: jambo hili linakusumbua wewe mwenyewe, au linamsumbua mumeo tu? Natamani kila mwanamke aulizwe hivyo kabla hajapewa dawa yoyote. Asiyesumbuka na hali yake haumwi.

Akapitia dawa ninazomeza, usingizi wangu, kama nina sonona, kama nasikia maumivu wakati wa tendo. Maumivu yalikuwepo, kwa sababu ya ukavu. Basi akaanza na estrojeni, homoni ya kike, ya kuweka ukeni, maana mwili ukishajua kuwa utaumia, hamu itatoka wapi? Maumivu yakaisha, hamu haikurudi. Hapo ndipo akaniandikia krimu. Damu nilipimwa kabla, lakini si kwa kutafuta upungufu: hakuna kiwango cha testosteroni kinachotenganisha mwenye hamu na asiye nayo. Walitaka namba ya kuanzia, ili wakinipima tena waone sijapitiliza.

Tyubu ni ya mililita 50, na kila mililita ina miligramu 10. Natumia nusu mililita kwa siku, yaani miligramu 5. Kuna kipimo chenye mistari kinachokuja nayo. Navuta mpaka kwenye mstari, napaka upande wa nje wa paja, juu, nasugua mpaka iingie. Tyubu moja inapita miezi mitatu. Ina mafuta ya lozi, kwa hiyo mwenye mzio wa lozi aseme mapema. Nikimaliza nanawa mikono kwa sabuni, na mjukuu hagusi paja lililopakwa.

Hicho kipimo kidogo ndicho ninachokisifu zaidi. Nchi nyingi hazina dawa ya aina hii iliyopimwa kwa ajili ya mwanamke, hivyo madaktari hutoa jeli ya wanaume, ambayo pakiti moja inaweza kuwa na miligramu 50, na mama anaambiwa akadirie kipande. Ulaya waliwahi kuwa na plasta ya testosteroni ya kubandika mwilini, Intrinsa, iliyoidhinishwa 2006 na kuondolewa 2012. Hii ya kwetu iliidhinishwa Australia Novemba 2020, kwa wanawake waliokoma hedhi.

Imefanya kazi? Kwangu, ndiyo. Wiki za mwanzo kimya kabisa. Kisha siku moja naunga mchuzi, mawazo yakaniendea kwa mume wangu yenyewe, bila mtu kunigusa wala kunikumbusha. Nilizima jiko nikasimama pale nalia kwa furaha. Lakini msitarajie usichana. Uchambuzi mkubwa wa 2019, uliokusanya majaribio 36 yenye wanawake zaidi ya 8,000, ulikuta kwa wastani karibu tendo moja zaidi la kuridhisha kwa mwezi. Kwa anayelia chumbani, hilo si dogo.

Kasoro: vinyweleo vimeota pale ninapopaka, sasa nabadilisha paja. Wengine hupata chunusi. Bei nimeibeba mwenyewe, nayo si ndogo. Na miezi sita ikipita bila nafuu, unaacha. Usiongeze kipimo kwa kukata tamaa.

Wifi yangu wa Tanga, ana miaka 38, anataka nimtumie tyubu. Nimekataa, na hajafurahi. Bado anaona siku zake na anatafuta mtoto wa tatu. Homoni hii haifai kwa mjamzito, inaweza kumdhuru mtoto wa kike tumboni. Zaidi ya hayo anameza dawa ya sonona, na nyingi kati ya hizo hupunguza hamu. Nimemwambia arudi kwa aliyemwandikia amweleze waziwazi, na asiziache ghafla. Ameahidi kwenda wiki ijayo.