Sheria ya karatasi au ya simu?

Hapa Lubumbashi, anayetafuta Kanuni ya Madini ya 2002 na marekebisho yake ya 2018 ana njia mbili: kupekua Journal officiel, gazeti rasmi la serikali ya Kongo, maktabani, au kuipakua kwenye simu. Simu ni ya haraka, sibishi. Unaandika neno "redevance" (mrabaha), kifungu kinajitokeza. Ila mega za intaneti zikiisha katikati ya ukurasa, basi tena.

Karatasi haiombi mega. Ina tarehe na namba ya toleo, na hakuna wa kuibadilisha usiku. Toleo moja likipotea rafuni, ndiyo balaa. Hata hivyo mimi naichagua. Simu inionyeshe tu ukurasa.

Zote mbili ni Kifaransa, ingawa kifungu cha 142 cha Katiba kinaitaka serikali isambaze sheria kwa Kiswahili pia, ndani ya siku 60.