Vitanda vya mtiki, godoro la kilo 14 na mito ya sufi: uzoefu wangu na gesti ya vyumba sita Tanga

Tanga tunasema "waja leo waondoka leo". Wageni wangu walikuwa wanaondoka asubuhi wameshika kiuno. Nina gesti ndogo ya vyumba sita upande wa Raskazone, na kwa mwaka mmoja na nusu nimebadilisha karibu kila kitu kinacholaliwa. Namwandikia anayetaka kufungua vyumba huku pwani na hela bado iko mfukoni.

Vitanda vya kwanza vilikuwa vya chuma, vyeusi, vya kufunga kwa nati, vina maua kichwani. Bei ilinivuta. Lakini upepo wa bahari una chumvi, na masika haijaisha nati zimeshakula kutu. Kila nikivua shuka nyeupe nakuta alama za kahawia pembeni. Halafu vinalia! Wa chumba namba mbili akijigeuza, wa namba tatu ana habari. Aliyeniuzia akanishauri nitie mafuta ya cherehani. Nikatia. Shuka zikawa na kutu na mafuta.

Nikaenda kwa seremala Ngamiani. Mninga ulinishinda bei, tukakubaliana mtiki, ule wa mashamba ya Longuza kule Muheza. Mti huu una mafuta yake mwenyewe ndani, unyevu hauusumbui na mchwa hawaukimbilii. Kitanda cha futi 5 kwa 6 alinitengenezea kwa shilingi 450,000, bila godoro. Alitaka kunichongea nakshi kichwani, nikamkatalia: kila kitundu ni chumba cha bure cha kunguni. Yeye naye akanikatalia chaga chache nilizotaka ili nipunguze gharama. "Dada, chaga zikiachana kupita vidole vinne, godoro linadidimia katikati, halafu lawama anabeba fundi." Chini ya chaga akapitisha mhimili wenye mguu wake unaofika sakafuni. Mpaka leo hakuna kitanda kilicholia. Kasoro yake ni ahadi: wiki mbili zilikuwa saba, na vitanda viwili vililetwa vanishi haijakauka, chumba kikanuka siku nne.

Kwenye godoro ndiko nilikopigwa. La kwanza lilikuwa nene, inchi 10, kitambaa kinang'aa, ukikaa linakupokea vizuri sana. Baada ya miezi michache lilikuwa na shimo la umbo la mtu. Safari ya pili nilimwomba kijana wa duka jirani mizani ya kupimia magunia. Akacheka, lakini akaleta. Tukayaning'iniza magodoro mawili ya sponji, yote futi 5 kwa 6, yote inchi 8. Moja kilo 9, jingine kilo 14. Ukubwa ni ule ule, kwa hiyo hesabu haifichiki: jepesi limejaa hewa. Nikachukua la kilo 14, na nikarudia kupima kwa yote sita. Wageni wachache wamelalamika ni gumu. Wengi wao ni vijana, wazee wanashukuru.

Na unene si sifa. Godoro la inchi 10 linakula shuka. Piga hesabu: upana futi 5, ongeza unene wa pande zote mbili, ongeza inchi sita sita za kuchomekea. Kwa inchi 8 unahitaji shuka yenye upana wa futi 7 na inchi 4, kwa inchi 10 karibu futi 7 na inchi 8. Shuka nilizokuwa nazo zilikuwa futi 7, na pamba ikifuliwa inarudi. Usiku zinachomoka, mgeni anaamka amelalia sponji. Chandarua nacho kinakuwa kifupi. Sasa nanunua jora la pamba tupu, nashonesha. Zile zenye poliesta hazijikunji, nakubali, ila kwa joto la Februari Tanga ni kama kujifunika mfuko wa nailoni. Pea tatu kwa kitanda zinatosha kiangazi. Masika nahitaji ya nne, maana kamba inakaa na nguo siku mbili.

Nyeupe nazipenda kwa sababu uchafu hauna pa kujificha, lakini kuna wageni wa harusi. Bibi harusi na mashoga zake wakilala na hina mbichi na piko, hakuna jiki itakayokuokoa. Nimeshonesha pea sita za rangi ya kahawa iliyokolea, na ukipiga simu kuomba vyumba kwa ajili ya harusi, ndizo utakazozikuta. Hakuna aliyeuliza kwa nini.

Mito ilinitesa kidogo tu. Ile ya vipande vya sponji ni ya kutupa, inakuwa na mabonge kama viazi. Nikashonesha ya sufi, ile pamba ya mti wa msufi. Sufi ni baridi shingoni, na mzee mmoja wa Lushoto alitaka kuondoka na wake. Lakini haipendi maji: ikilowa inagandamana, kwa hiyo haifuliwi, inaanikwa juani juu ya mkeka na kupigwapigwa. Nilikosea kwa kuijaza mno, shingo za watu zikasimama kama za twiga. Nikafungua mshono, nikapunguza theluthi. Mgeni mmoja alipiga chafya usiku kucha. Tangu hapo kila kitanda kina mto mmoja wa sufi na mmoja wa nyuzi unaofulika, achague mwenyewe. Ndani ya foronya kuna mfuko wa pili wa zipu, kwa ajili ya jasho na mafuta ya nywele.

Vitanda vya chuma niliviuza vitano. Cha sita hakijapata mtu, nakilalia mimi chumba cha nyuma, na bado kinalia.