Tahadhari: Laptopu za mtumba zenye stika ya SSD, ndani mna hard disk ya kuzunguka

Ndugu zangu mnaotafuta laptopu za mtumba Kariakoo, someni hii kabla hamjatoa hela.

Mwezi uliopita nilinunua moja kwa shilingi 480,000, ya duka langu la stesheneri. Stika inasema prosesa Core i5, RAM (kumbukumbu ya muda) GB 8, SSD (hifadhi ya mafaili, ya kasi) GB 512. Muuzaji akainua mfuniko, skrini ikawaka palepale. "Unaiona spidi hiyo, dada?" Nikalipa.

Nyumbani nikaizima, nikaiwasha upya. Nilibandika chai ikachemka, kile kiduara cha Windows bado kinazunguka. Kufungua Word tu, dakika nzima. Nikaweka kiganja kando ya kibodi nikahisi mtetemo, nikainamisha sikio nikasikia tik, tik, tik. SSD haina kitu kinachozunguka ndani, hailii hivyo.

Fundi akaifungua mbele yangu: hard disk (HDD) ya GB 500, imeandikwa 5400 RPM. Maana yake ni sahani inayozunguka mara 5,400 kwa dakika, na kijimkono kinachohangaika juu yake kutafuta mafaili. Ikijitahidi inasoma kama MB 100 kwa sekunde, wakati SSD ya kawaida ya SATA inafika 500. Kwenye mafaili madogomadogo, ambayo Windows inayasoma muda wote, pengo linakuwa kubwa zaidi. Hata prosesa iwe nzuri vipi, itakaa kuisubiri diski.

Na ile kuwaka haraka dukani? Haikuwa imezimwa. Alikuwa ameilaza tu (sleep), kila kitu kiko kwenye RAM, diski haiguswi.

Kwa hiyo mwambie muuzaji aizime mpaka taa zote zife, aiwashe tena ukiangalia. Kisha bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, ingia Performance, tazama Disk 0. Kwenye Windows 11, na Windows 10 iliyosasishwa, imeandikwa hapo kama ni HDD au SSD. Akikuzuia, ondoka. Na risiti itaje SSD na ukubwa wake. Yangu iliandikwa "laptop 1", na nilipoirudisha akanionyesha maandishi ya chini: bidhaa ikishauzwa hairudishwi.

SSD nimenunua mwenyewe, sasa inawaka kwa sekunde 20. Lakini jana nimepita pale, kabatini zimepangwa nyingine nne, stika ileile.