TKTS ya Leicester Square: kununua tiketi ya tamthilia London bila kuuziwa nguzo

Kibanda cha TKTS kiko upande wa kusini wa bustani ya Leicester Square, katikati kabisa ya London. Kinaendeshwa na Society of London Theatre, chama cha wenye kumbi na watayarishaji wa maonyesho, na kimekuwa kikiuza tiketi za punguzo tangu mwaka 1980. Maduka mengine ya maeneo yale, yenye mabango makubwa ya "nusu bei", hayahusiani nacho. Wageni wengi hukosea hapo mwanzoni kabisa: wanaingia duka la kwanza lenye bango, wanalipa bei ya tiketi pamoja na ada ambayo hawakuambiwa, na wanakuja kugundua baadaye kwamba kiti hichohicho kilikuwa nafuu zaidi kwenye tovuti ya ukumbi wenyewe. Ukilazimika kununua kwa wakala, tafuta alama ya STAR, chama cha mawakala wa tiketi wanaofuata kanuni zake.

TKTS ni huduma nzuri sana kwa mtu ambaye amekwisha kuamua anataka kuona nini na kukaa wapi. Anayefika dirishani na kuuliza "leo kuna nini cha bei nafuu?" atapewa jibu la kweli, lakini jibu hilo mara nyingi ni kiti ambacho wenyeji wamekikataa. Mtu akitoka ukumbini London amenuna, kwa kawaida tatizo si igizo. Tatizo ni alipokaa.

Mfumo wenyewe ni rahisi. Kila mtayarishaji huwapa TKTS viti fulani, si ukumbi mzima, na kiwango cha punguzo ni uamuzi wake. Skrini za kibandani zinaonyesha jina la onyesho, saa na bei. Zinauzwa tiketi za siku hiyohiyo na nyingine za siku chache zijazo, hadi wiki moja hivi. Orodha hiyo iko pia kwenye tovuti yao, kwa hiyo itazame kwenye simu kabla hujatoka hotelini. Jumatatu hadi Alhamisi, na maonyesho ya mchana ya katikati ya wiki, ndipo uchaguzi unapokuwa mpana. Ijumaa na Jumamosi jioni hubaki makombo. Maonyesho yanayogombewa ama hayapo kabisa au yapo kwa bei kamili. Ukiona bei haijapunguzwa, usipange foleni. Nenda kwenye ukumbi wenyewe au tovuti yake, ambako utachagua kiti mwenyewe kwenye ramani.

Ukifika dirishani, uliza ni ghorofa ipi na safu ya herufi gani. Uliza kama kuna nguzo, chuma au ukingo wa roshani unaozuia kuona. Kama mko wawili au zaidi, uliza kama viti viko pamoja, kwa sababu vilivyobaki siku ya mwisho mara nyingi vimetawanyika. Kisha uliza jumla utakayolipa. Wauzaji wa pale wanazijua kumbi na hawafichi, ila hawatakwambia usichouliza wakati watu wengine kumi wamesimama nyuma yako. Tiketi ikishatoka, usitegemee kurudishiwa pesa.

Kwa nini viti vinasumbua hivi? Kumbi nyingi za West End, eneo la katikati ya London lenye kumbi kubwa za maonyesho, zilijengwa kabla ya mwaka 1920. Wyndham's ni ya 1899, Coliseum ya 1904, St Martin's ya 1916. Wajenzi walilundika roshani tatu hata nne juu kwa juu ili watu wengi waingie kwenye kiwanja kidogo, na kila roshani inaziba kitu kwa yule aliye chini yake.

Neno Stalls kwenye tiketi lina maana ya viti vya sakafu ya chini. Watu hudhani ni bora kila mara kwa kuwa viko karibu na jukwaa. Safu za mbele na za katikati, ndiyo. Safu za nyuma ziko chini ya roshani, na roshani hiyo hukata sehemu ya juu ya jukwaa. Katika tamthilia ya muziki ya The Phantom of the Opera, pale ukumbi wa His Majesty's, ile taa kubwa ya kuning'inia ndiyo moyo wa onyesho. Mtu aliyekaa mwisho wa Stalls husikia watu wa mbele wakishtuka, naye haioni taa ikiwa juu. Ni pesa nyingi kulipia mshtuko wa watu wengine.

Dress Circle, ambayo baadhi ya kumbi huiita Royal Circle, ni roshani ya kwanza. Safu zake tatu za mwanzo, katikati, ndipo mahali pazuri pa kuona tamthilia ya muziki yenye wachezaji wengi, kwa kuwa mpangilio wa dansi unaonekana wote. Upper Circle au Grand Circle ni ya juu zaidi na ina mwinuko mkali. Safu yake ya kwanza inadanganya: chuma cha usalama hukaa usawa wa macho, na mtu mfupi atatazama onyesho zima kati ya vyuma. Safu ya pili au ya tatu ni afadhali, na mara nyingine ni nafuu. Balcony ya juu kabisa ni ya kijana mwenye miguu mifupi na asiyeogopa urefu. Kwenye kumbi kadhaa ina mlango wake wa pembeni na ngazi ndefu zisizo na lifti. Mwenye matatizo ya magoti au anayetumia kiti cha magurudumu apige simu ukumbini moja kwa moja. Mara nyingi kuna bei maalumu kwake na kwa anayemsindikiza, na TKTS si mahali pa kupanga hilo.

Kwa vile kumbi zimepinda, viti vya mwishoni mwa safu hupoteza pembe moja ya jukwaa. Tiketi iliyoandikwa Restricted View huuzwa nafuu kwa sababu hiyo. Si mbaya zote. Nyingine unakosa kona tu. Tovuti ya SeatPlan ina picha zilizopigwa na watazamaji kutoka viti mbalimbali vya kumbi hizi, na dakika tano za kuzitazama zitakufaa kuliko nyota zote za wahakiki zilizobandikwa kwenye mabango.

Nyota hizo zina kasoro yake. Onyesho la miaka mingi hubandika sifa zilizoandikwa lilipofunguliwa, wakati waigizaji wamebadilishwa mara nyingi tangu hapo. Angalia nani anacheza mwezi huu.

Sasa, uchague lipi? Kwa msomaji ambaye Kiingereza si lugha yake ya nyumbani, swali la kwanza liwe usikivu. Les Misérables, lililoanza London mwaka 1985 na sasa liko ukumbi wa Sondheim, huimbwa karibu lote kwa muda unaokaribia saa tatu. Muziki ni mzito na mzuri, lakini maneno ya kwaya humezwa na ala, na asiyejua kisa atapotea kabla ya mapumziko. Soma muhtasari kwanza, kisha utalifurahia mno. The Mousetrap ni kinyume chake. Lilifunguliwa 25 Novemba 1952, likahamia St Martin's mwaka 1974, likasimamishwa na Korona Machi 2020 na kurudi Mei 2021. Ni chumba kimoja, watu wachache, mauaji, na Kiingereza kinachotamkwa polepole na wazi. Ukumbi ni mdogo, kwa hiyo hata safu za nyuma hazimpotezi mtu. Mwendo wake ni wa kizamani na kijana anaweza kusinzia kabla ya mapumziko, lakini kwa mzazi anayependa kufuata kisa neno kwa neno, mimi ningeanza na hili.

The Lion King liko ukumbi wa Lyceum tangu 1999, na watoto wa Kiswahili hulifurahia kwa namna yao: wanasikia Simba, Rafiki na Hakuna Matata yakitamkwa kwa lafudhi za kila aina. Nyimbo za kwaya kwa sehemu kubwa ni Kizulu na lugha nyingine za kusini mwa Afrika, basi usimwahidi bibi kwamba ataelewa zote. Kiti hapa kina uzito kuliko popote. Mwanzoni wanyama hupita kwenye njia za Stalls, katikati ya watazamaji. Tembo anapita ubavuni pako. Aliye Grand Circle hukosa sehemu kubwa ya msafara huo, na huo ndio unaoliza watu. Lipa zaidi kwa kiti cha pembeni mwa njia, au Royal Circle mbele, au subiri hadi uweze. Watoto chini ya miaka 3 hawaingii.

Nje ya West End kuna sehemu mbili ambazo kwa maoni yangu zinapita nyingi zilizo ndani yake. National Theatre, kando ya mto Thames, ina ukumbi wa Olivier wenye viti takribani 1,150 vilivyopangwa kuzunguka jukwaa, bila nguzo za kizamani. Kila Ijumaa saa saba mchana huuza mtandaoni tiketi za pauni 10 za wiki inayofuata. Zinakwisha haraka, hivyo fungua akaunti mapema. Tafuta pia kwenye kalenda maonyesho yaliyowekewa alama ya Captioned, ambayo kumbi nyingi huwa nayo mara chache katika msimu. Maneno yote huonekana kwenye skrini karibu na jukwaa, na kwa anayesoma Kiingereza vizuri kuliko anavyokisikia, hilo hubadilisha jioni nzima. Chagua kiti kinachoiona skrini.

Globe, iliyofunguliwa 1997 kwa kuiga ukumbi wa enzi za Shakespeare, huuza nafasi 700 za kusimama uwanjani kwa bei ya chini kuliko karibu kila kitu mjini. Utasimama saa mbili na nusu au tatu, huruhusiwi kukaa chini onyesho likiendelea, paa liko wazi, na mvua ikinyesha miavuli ni marufuku: vaa koti la mvua. Fika mapema uegemee jukwaa. Nguzo mbili kubwa huziba kila aliye pembeni, aliyekaa na aliyesimama, na wanaokaa hukalia benchi la mbao, basi wakodi mto wa kukalia. Ni hapa, mwaka 2012, kikundi cha Bitter Pill kutoka Kenya kilicheza The Merry Wives of Windsor kwa Kiswahili, katika tamasha la tamthilia 37 za Shakespeare kwa lugha 37. Ukikuta Julius Caesar au The Merchant of Venice kwenye ratiba, soma kwanza tafsiri ya Mwalimu Nyerere. Kiingereza cha Shakespeare huwashinda hata Waingereza, na aliyesoma Kiswahili chake atacheka na kushtuka mahali panapostahili.

Mwenye watoto na apange safari ya Agosti: mpango wa Kids Week humruhusu mtoto mmoja kuingia bure kwa kila mtu mzima anayelipa, kwenye maonyesho yanayoshiriki. Tiketi hutolewa wiki kadhaa kabla, na mazuri huisha siku za mwanzo.

Soma saa vizuri. 7.30pm ni saa moja na nusu usiku, 2.30pm ni saa nane na nusu mchana. Fika nusu saa kabla, maana mifuko hukaguliwa. Aliyechelewa husubiri nje mpaka pengo linalofaa, pengine dakika ishirini, na katika onyesho fupi lisilo na mapumziko anaweza asiingie kabisa. Vyoo vya wanawake ni vichache katika kumbi za zamani na mapumziko ni ya dakika 15 hadi 20 tu; nenda kabla ya kuanza.

Onyesho ulilolitaka likiwa limejaa na TKTS hawana, nenda kwenye dirisha la ukumbi wenyewe saa moja hivi kabla ya kuanza, uulizie tiketi zilizorudishwa. Aliye peke yake ana bahati kubwa hapo, kwa sababu kinachorudi mara nyingi ni kiti kimoja katikati ya safu nzuri.